Mtungi Uliotoka Njia ya Bahi

Wanangu, mmeniomba niwaeleze kazi ya skrepa, na najua mnachotaka kusikia. Mnataka niwaambie kopa inapatikana kwenye nini. Juzi mmoja wenu amenisalimia shikamoo, na kabla sijamaliza marahaba akaniuliza kama kompresa ya friji ina kopa nyingi kuliko dinamo ya gari. Nitayagusa na hayo. Lakini mimi nimeshinda kwenye vyuma chakavu tangu nikiwa na nguvu zangu mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa, na kitu nilichokitumia kuliko sumaku, kuliko nyundo, kuliko glavu, ni woga. Kwa hiyo nitaanza na woga, na huenda nikaishia hapo hapo.

Naitwa Mama Nyemo. Yadi yetu ilikuwa Mkonze, wakati huo nyumba zikiwa chache na mbuzi wengi. Eneo lenyewe lilikuwa la mteremko. Huko juu, upande wa mashariki, kulikuwa na uzio wa mabati mabovu. Chini kulikuwa na geti, na nje ya geti korongo lile linalojaa maji siku chache za masika halafu linabaki mchanga mtupu. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ulikuwa unatujia kutoka juu, unapita katikati ya vyuma, unatoka getini na vumbi letu lote.

Mwenye yadi alikuwa Mzee Chilongani. Kila asubuhi alisimama getini, akatusalimia wote kwa mpigo kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliotawanyika. Tukishaitikia, haangalii nyuso zetu, anatuangalia miguu. Aliyevaa kandambili haingii siku hiyo. Siku moja mkewe alileta chupa ya chai akiwa na kandambili, Mzee akaipokea chai, akamrudisha mke. Tulicheka mpaka mama wa watu naye akacheka.

Mzee ndiye aliyenifundisha. Alinifunga macho kwa kanga yangu mwenyewe, akawa ananiwekea vitu mkononi.

"Hiki?"

"Chuma."

"Chuma kipi? Chuma kina ukoo kama watu."

Basi nikajifunza ukoo. Nondo na vyuma vya geti ukivigonga vinalia, ukivipiga vinapinda. Chuma cha kutupwa, kile cha bloku ya injini na ngoma ya breki, sauti yake imekufa, na ukikipiga nyundo nzito hakipindi, kinavunjika kama chungu. Sufuria na rimu za alminiamu ni nyepesi, hata mtoto anazijua. Kopa, yaani shaba nyekundu, ni laini, inakubali kukunjwa kama mkeka. Shaba ya njano, ya makoki na makufuli, imejificha chini ya rangi au kutu, mpaka upitishe tupa kidogo ndiyo ikuoneshe dhahabu yake. Stenlesi ndiyo tapeli, maana mara nyingi sumaku haiishiki, na mtu asiyejua anaitupa kwenye alminiamu mpaka aibebe, mgongo umwambie. Risasi ya betri ni nzito kuliko umbo lake, na kucha inaiachia alama.

Vyote hivyo mwisho wake ni moto. Lori linashuka navyo Dar es Salaam, vinayeyushwa kwenye matanuri, vinarudi vikiwa nondo mpya. Mzee aliniambia jambo moja ambalo lilininyima usingizi siku za mwanzo. Alisema kitu kilichozibwa pande zote kikipita mikononi mwangu bila kutobolewa, kikaenda kutumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka, hewa ya ndani inavimba, na lile tanuri linatapika juu ya watu. Watu ambao sitawajua hata majina. Tangu hapo kila kitu kilichozibwa nilikiangalia kama nyoka aliyejikunja.

Mtasema bibi anatia chumvi. Basi sikilizeni kuhusu shokapu. Jamaa mmoja, si wa yadi yetu, alikuwa na mtindo wa kuchoma shokapu za magari motoni ili mafuta yaishe. Tulikuwa tumekaa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara tukinywa uji. Tukasikia mlipuko, halafu kitu kikapita juu yetu kikilia kama nyigu, kikatoboa bati la kibanda na kuingia kwenye sufuria ya uji. Uji ulituunguza mikono, mama ntilie akabaki ameshika mwiko tu, sufuria haina kitako. Tulipopata akili ya kucheka, tulicheka kicheko cha woga, maana kile kitu kilipita kati ya kichwa changu na cha Hawa.

Hawa alikuwa mwenzangu wa kuchambua. Mwanamke wa Kwa Mtoro, kule Chemba, Msandawe, mwembamba, mwepesi kuliko sisi wote. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila akishtuka au akikasirika alirudi kwenye lugha ya kwao, ile yenye vidoko, ulimi unagonga juu mdomoni na pembeni, *tok, tok*, kama mtu anayevunja vijiti vikavu. Tulikuwa tunamtania kwamba ana nyundo mdomoni. Alipoanza kazi alikuwa na tabia ya kung'ata risasi kujua ulaini wake. Mzee alimwona, akamnyang'anya, akamwambia aende kusukutua mara moja.

"Haina ladha mbaya, Mzee," Hawa akasema.

"Ndiyo ubaya wake," Mzee akamjibu. "Sumu yenye ladha mbaya ungeitema."

Na wa tatu ninayetaka mumjue ni Petro, mkataji wetu wa gesi. Mtu wa Bahi, mabega kama mlango, mikono yenye makovu madogo madogo ya cheche. Petro alikuwa hawezi kuona kitu kinatupwa. Rimu iliyopasuka akaigeuza jiko la mkaa. Hakuna mwanamke wa yadi ile ambaye hakuwa na jiko la Petro nyumbani kwake, mimi mwenyewe ninalo mpaka leo. Alipenda kusema nyundo yake haijawahi kumwangusha. Na kweli haikuwahi.

Sasa, zamani tulikuwa tunachoma nyaya ili plastiki iungue tupate kopa. Moshi wake ulikuwa mweusi na unakwaruza kifua wiki nzima. Baadaye Mzee akapiga marufuku, tukawa tunazichuna kwa kisu, halafu kwa kimashine cha kuzungusha kwa mkono. Hawa na mimi tulikuwa na kibanda chetu cha kuchunia, chini kabisa karibu na geti, kimezama kidogo ardhini ili upepo usitupeperushie vitu. Pembeni yake lilikuwepo bodi la lori kuukuu, limeegemea uzio wa upande wa kusini. Hapo ndipo Hawa alipokuwa siku ya mtungi.

Ulikuwa msimu wa upepo, mahindi na mtama vimeshavunwa, mji mzima una midomo iliyopasuka. Mzee alikuwa ameenda Majengo kununua kamba na magunia. Akaja Simoni, mwenye guta, aliyekuwa akituletea mzigo mara kwa mara. Alikuwa ametokea njia ya Bahi, ambako mtu mmoja alikuwa anasafisha kiwanja akamuuzia kila kitu kwa mkupuo: pampu ya maji iliyokufa, mabomba, matangi yaliyooza, na katikati yake mtungi mrefu, unene wa mtu mzima, kutu tupu, na rangi ya njano iliyobaki kwa vipande kama upele.

Nikaugonga kwa kipande cha nondo. Mtungi mtupu unaimba kama kengele ya kanisa. Ule haukuimba. Ulitoa sauti ya mtu aliyejaziwa chakula mdomoni.

"Huu una kitu," nikasema.

Petro akauinamia, akafuta vumbi shingoni. "Koki yake shaba ya njano hii. Nzuri." Akachukua spana, akaishika koki, ikagoma, akaongeza nguvu, ikazunguka. Tukasubiri. Hakikutoka kitu, hata mlio wa hewa. Akanitazama akitabasamu. "Mama Nyemo, umeona? Hewa ilishaisha siku nyingi."

Wanangu, wekeni kichwani hili hata kama mtasahau mengine yote. Koki kufunguka bila kutoa kitu haina maana kwamba ndani hakuna kitu. Mdomo wa ile koki ulikuwa umezibwa na kutu. Mimi sikulijua hilo wakati ule. Nilichokuwa nacho ni ile sauti ya mtungi tu, iliyokataa kuimba.

"Petro, baba, uache. Ngoja nimpigie Mzee."

"Piga."

Nikapanda juu kidogo, karibu na uzio, maana pale ndipo simu iliposhika mtandao. Mzee akapokea kwa kelele za soko nyuma yake. Nikamweleza mtungi. Akaniuliza rangi. Nikamwambia njano, kwa mabaka.

"Mama Nyemo," akasema taratibu, "nilipokuwa kibarua wa mambo ya maji nilibeba mitungi kama hiyo. Ile ni dawa ya kuulia wadudu kwenye maji, lakini humo ndani imeshindiliwa. Asiuguse mtu. Ondokeni wote."

Nikageuka kumwita Petro. Alikuwa ameshanyanyua nyundo. Petro hakuwa mtu mbaya, na sitaki mmfikirie hivyo. Alikuwa ameshaamini kuwa mtungi ni mtupu, na alitaka nikirudi nikute kazi imekwisha. Nikapiga kelele jina lake. Nyundo ilishateremka.

Koki iliruka. Halafu ukaja mlio, ambao siwezi kuufananisha na kitu, kama nyoka mkubwa kuliko yadi. Na kutoka shingoni mwa mtungi ukatoka moshi wa rangi ya embe bichi linaloanza kuiva, mzito. Haukupaa. Moshi wote niliouona maishani mwangu unapaa. Ule ulianguka chini, ukatambaa, ukaanza kushuka mteremko kama maji, unaingia chini ya vyuma na kutokea upande wa pili.

Petro aliangukia nyuma, upande wangu wa juu. Harufu ikatufikia japo upepo ulikuwa unaipeleka chini. Mnaijua harufu ya maji ya bomba siku yalipotiwa dawa nyingi. Ichukueni hiyo, muiingize puani kama msumari.

Na watu wa yadi wakafanya kile ambacho miguu ya kila mtu ingefanya. Wakakimbilia getini. Geti liko chini. Upepo unaenda chini. Moshi unaenda chini. Nikawaona wanakimbia na ule moshi unawafuata nyuma kama mbwa.

Simu ilikuwa bado sikioni. "Moshi unapanda au unatambaa?" Mzee alikuwa anapiga kelele sasa.

"Unatambaa! Unaenda getini!"

"Basi msiende getini! Uelekeeni upepo! Pandeni, Mama Nyemo, wapandishe watu juu!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nimezaa watoto na sikupiga kelele vile. "Pandeni! Rudini juu! Piteni pembeni, pandeni!" Wengine walisita. Simoni ndiye wa kwanza kugeuka, akawashika wawili kwa mashati akawavuta kupitia kando ya uzio wa kaskazini, wakizunguka lile wingu. Machozi yanawatiririka, wanakohoa, wanakanyagana. Petro akainuka, akaja kwenye uzio wa juu, akayang'oa mabati kwa mikono mitupu, tukatokea wote uwandani, nje ya yadi, usoni upepo mtupu na vumbi. Sijawahi kulipenda vumbi la Dodoma kama siku ile.

Nikawaangalia mmoja mmoja. Hawa hayupo.

Nikaita. Nikaita tena. Kule chini kibanda chetu kilikuwa hakionekani, kimejaa ile rangi mpaka kwenye paa, kama bakuli lililomiminiwa mchuzi. Nitawaambia ukweli. Mwili wangu wote ulikataa. Kwenye kichwa changu kulikuwa na sauti inayosema ameshatoka, atakuwa ametoka, lazima ametoka.

Simoni akaja pembeni yangu. "Mama, amebaki?"

"Amebaki."

"Ndani hatuingii," akasema. "Tukiingia tutakuwa watatu." Akaanza kuvua shati. "Tuzunguke nje."

Nikaichovya kanga kwenye ndoo ya maji ya jirani, nikajifunga puani na mdomoni, Simoni akafanya hivyo kwa shati lake. Tukashuka kwa nje, kufuata uzio wa kusini, upepo ukiwa unausukuma moshi mbali na sisi kwa upande. Kila tulivyoshuka, macho yaliungua zaidi. Mabati ya uzio ni marefu, yote yanafanana, na mbele yetu machozi tu. Nikaita, "Hawa! Hawa, mwanangu!" Ule mlio wa mtungi ulikuwa bado unaendelea kule juu.

Ndipo nikasikia. *Tok. Tok, tok.*

Nilidhani ni bati linagongwa na upepo. Halafu nikasikia tena, mfululizo, kwa mpangilio. Ulikuwa ulimi wa mtu. Hawa alikuwa amepanda juu ya lile bodi la lori, moshi umemzunguka kiunoni, koo limemfunga. Hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Lakini vile vidoko vya kwao, alikuja kunieleza baadaye, havihitaji pumzi. Ulimi tu unatosha. Alitusikia tunaita jina lake, akajibu kwa kitu pekee kilichobaki kinafanya kazi mdomoni mwake.

Tukaufuata ule mlio kwa mikono, bati baada ya bati, mpaka ukawa upo mbele yetu kabisa. Simoni akapiga teke, nikashika ukingo wa bati nikavuta, likanichana kiganja hapa, mnaona kovu. Bati likaachia. Tukamwona mguu. Tukamvuta kama mnavyovuta gunia kutoka kwenye lori, akaanguka juu yangu, na tukapanda naye mteremko, nikijiambia usivute pumzi, usivute pumzi, mpaka mapafu yakavuta yenyewe bila ruhusa yangu.

Majirani walishakusanyika kule juu. Mtu akaleta maziwa, kila mtu anasema mpeni maziwa, maziwa yanaondoa sumu. Petro aliyanywa kikombe kizima. Alikuwa amenawa uso, macho mekundu, lakini anaongea, anaomba radhi kwa kila mtu. Akanishika mkono. "Mama Nyemo, nisamehe. Nilidhani ni mtupu."

"Panda kwenye bajaji, twende hospitali wote."

"Mimi mzima. Mpelekeni Hawa. Mimi nimevuta kidogo tu, upepo umenisaidia. Nabaki nimsubiri Mzee."

Alionekana mzima. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu nawaeleza haya. Maziwa hayafiki kwenye mapafu. Na kifua kilichovuta ile hewa kinaweza kukaa kimya kwa muda, mwenyewe anacheka, anatembea, kumbe ndani kinajaa maji polepole. Daktari ndiye aliyenieleza, wakati nimekaa kando ya kitanda cha Hawa aliyewekewa hewa kwa mpira puani. Akaniuliza, "Kuna mwingine aliyekuwa karibu na huo mtungi?"

Nikasema yupo, lakini mzima.

"Mpigieni simu aje sasa hivi. Asitembee. Abebwe."

Nilimpigia Petro, simu ikaita bila kupokelewa. Nikampigia Mzee. Mzee akasema Petro ameaga, amesema amechoka, amekwenda kwake kulala kidogo. Nikasikia viatu vya Mzee vinakimbia kabla simu haijakatika.

Niliketi kwenye benchi la nje nikiangalia lango la hospitali. Kila bajaji iliyoingia nilisimama. Mwanamke mwenye mimba. Kikongwe na fimbo yake. Mtoto aliyevunjika mkono. Nilianza kufikiri labda amepona kweli, labda yuko nyumbani anakula, na mimi nitachekwa. Halafu ikaja bajaji inapiga honi mfululizo, na Mzee Chilongani amekaa nyuma amempakata Petro, yale mabega yote, kama anayempakata mtoto mchanga. Midomo ya Petro ilikuwa na rangi ya risasi.

Walimpokea mbio. Walifanya yote waliyoweza, niliona kwa macho yangu. Petro alifariki kabla jua halijazama. Mkewe, Mama Baraka, alifika akiwa na unga wa ugali bado mikononi.

Hawa alikaa hospitali siku nyingi, akapona, ingawa kifua chake hakikurudi kama zamani. Zimamoto walikuja na vinyago vyao, wakawahamisha watu wa nyumba za chini, wakakaa na ule mtungi mpaka ulipokwisha sumu, wakaondoka nao. Watu wa serikali waliuliza ulikotoka. Simoni aliwapeleka kule kwenye kiwanja njia ya Bahi. Yule mtu aliyemuuzia alikuwa ameukuta tu kwenye majani, hakujua umekaa hapo tangu lini wala umeachwa na nani. Mpaka leo hakuna anayejua. Hilo huwa linanirudia. Kama upo mmoja uliosahauliwa kwenye majani, nani aliyesema ulikuwa peke yake?

Tulipomaliza matanga kule Bahi tukarudi Mkonze, Mzee akatutumia ujumbe kwamba anayetaka kuacha kazi aache, hatamlaumu, na anayetaka kurudi aje Jumatatu asubuhi. Tulikuja karibu wote. Lakini hakuna aliyeingia. Tulisimama nje ya geti, tumevaa viatu vyetu vya kazi, tukiangalia ndani.

Yadi ilikuwa si ile. Vyuma vyote vilikuwa vimeota kutu mpya, nyekundu kama udongo wa Kondoa, hata mkasi wangu niliouacha ukining'inia, hata bawaba za geti. Kopa yetu tuliyoichuna kwa uvumilivu ilikuwa imegeuka kijani. Mwarobaini uliokuwa chini ya yadi, upande wa juu ulikuwa na majani yake, upande uliopigwa na moshi majani yalikuwa meupe, kabisa, kama yaliyofuliwa. Kuku wa jirani hawakuwepo.

Mzee alitoka, akasimama mahali pake. Siku hiyo hakuna Mbukwenyi. Akatuangalia miguu kwa mazoea tu, halafu akaangalia pembeni.

Tulikuwa tumesimama hivyo hivyo alipokuja Mama Baraka, kwa miguu, na mfuko wa rambo mkononi, amevaa kanga nyeusi. Tukampisha. "Shikamoo Mzee," akasema. "Nimefuata nguo zake za kazi." Mzee akataka kumtuma mtu. Tukaangaliana. Mama Baraka hakusubiri. Akapita katikati yetu, akaingia getini, akakatiza yadi nzima mpaka kule juu kwenye msumari ambapo Petro alikuwa anatundika ovaroli yake. Akaitungua, akaikung'uta, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Tulimwangalia kama mtu anayetembea juu ya maji.

Wakati anarudi, Simoni akafika na guta. Mzigo wa kwanza tangu siku ile. Akashuka, akafunua turubai, na yeye mwenyewe akarudi nyuma. Zilikuwa sufuria. Sufuria kuukuu za alminiamu, zimebondeka, zimepangwa moja ndani ya nyingine, na chache zina mifuniko yake. Na sisi watu wazima, ambao tulishabeba injini na ekseli za malori, tulizizunguka zile sufuria, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nilikuwa naitazama moja yenye mfuniko, siondoi macho.

Mama Baraka akasimama. Akatazama guta, akatutazama nyuso.

"Si sufuria tu hizi?" akauliza.

Akauweka mfuko wa nguo chini, taratibu, akausogeza usikanyagwe. Akafunua mfuniko wa ile niliyokuwa naitazama, akachungulia ndani, akatuinamishia tuone kwamba hamna kitu. Halafu akaibeba ile sufuria mwenyewe, akapita getini nayo, akaiweka juu ya mizani, akasubiri.

Nikaingia nikasome mizani. Wengine wakanifuata, wakianza kuzishika zile nyingine, na kila mmoja wetu alikuwa anafunua mfuniko kwanza.